Gunia la Ngazi ya Nne

Jamani, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize: mimi ndiye yule dada aliyeng'ang'ania gunia la viazi mbele ya kanisa zima kule Njombe, na kama mlisikia kwamba nililikalia, ndiyo, nililikalia.

Mimi ni kaimu mkuu wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Makambako (kaimu, yaani kazi zote za mkuu unafanya ila kiti si chako), na tukaambiwa wanakuja watu wa mkoani kupima kila ofisi imekomaa kiasi gani katika kutunza taarifa zake. Ngazi ya kwanza ni wale ambao makaratasi yamezagaa na ukiuliza kitu wanatazamana, ya tano ni wale ambao kila kitu kimo kwenye mfumo, unabonyeza, kinakuja. Kabla hawajafika tulitakiwa tujipime wenyewe. Bosi akaniambia, "Tukifanya vizuri, hilo neno kaimu naliondoa." Basi nami nikatupatia ngazi ya nne (tano ingeonekana tunajisifu), nikasahau kabisa kwamba wapimaji huwa wanakuja kuangalia kwa macho.

Na cha kuangalia kilikuwepo! Kwenye kona ya masjala kulikuwa na mrundo wa majalada ya viwanja, hayajaingizwa kwenye mfumo, mengine hata namba hayana. Asubuhi ya ugeni nikachukua gunia tupu stoo, nikayashindilia yote humo, juu nikapanga viazi ili mtu akichungulia aone viazi, nikashona mdomo kwa kamba, nikaliburuta mpaka stoo kwenye magunia ya viazi vya ukweli tunavyowawekea wageni. Masjala ikabaki inang'aa, nikajipongeza.

Mpimaji mwenyewe alikuwa Mzee Mgaya, mtu mpole, koti juu ya sweta, sweta juu ya sweta. Akapita, akaridhika, akaomba kitu kimoja tu: jalada la kiwanja la Mama Tuli, mama mmoja wa Njombe aliyelalamika mkoani kwamba kila akija kwetu anaambiwa arudi wiki ijayo (nami hata kichwa sikuwahi kuinua nimtazame sura).

"Liko kwa bosi, linasubiri saini," nikamjibu bila kupepesa macho.

Akaandika, akanywa chai, akaondoka. Nne yangu salama, kiti changu kinanukia.

Jioni bosi akaja anatabasamu. "Dada, mgeni amefurahi sana. Nimemwambia dereva ampakie gunia la viazi." (Mnajua kwetu mgeni haondoki mikono mitupu.) Nikasema vizuri sana bosi, halafu nikatoka mbio. Stoo viazi vipo vyote, gunia langu halipo!

Nikampigia simu Mzee Mgaya. "Shikamoo mzee, lile gunia..."

"Marahaba, binti. Asanteni sana, ila mimi sipokei zawadi ya watu ninaowapima. Nimelipeleka kanisani kwetu, Jumapili ni mavuno, litanadiwa."

Nilitaka kusema ukweli, naapa, lakini mdomo wangu ukasema, "Mungu awabariki."

Jumapili nikapanda gari la kwanza kwenda Njombe, baridi inaniingia mpaka kwenye meno. Wasiojua niwaambie, siku ya mavuno watu huleta kanisani walichovuna, na ibada ikiisha vitu vinanadiwa pale nje, kuku, mahindi, maparachichi, kila kitu. Mpango wangu ulikuwa kulinunua kimya kimya na kuondoka. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akachungulia kwenye mshono, akapaza sauti, "Viazi vya Makambako hivi, tazameni vilivyonenepa!" Mimi kwa haraka yangu nikataja bei kubwa ili wote wanyamaze, kumbe ndiyo nimewasha moto, kwa sababu mama mmoja mwenye banda la chipsi akageuka, akanitazama juu mpaka chini, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Watu wanapiga makofi, mmoja anasema, "Huyu dada kwao hawali kitu kingine?" Nikaja kushinda kwa hela yangu yote ya kodi ya nyumba, vigelegele vikapigwa, nikashusha pumzi.

Hapo ndipo wakaanza, "Mpe mchungaji! Mpe mchungaji!" Ndiyo desturi, ukinunua unamzawadia mtu. Vijana wawili wameshalishika gunia. Sikufikiri, nikalikalia.

"Silitoi!"

Mchungaji mwenyewe akasema kwa upole, "Dada, viazi ni vyako, hatukulazimishi," na kabla hajamaliza, mshono ukaachia chini ya uzito wangu, viazi vikabingirika, na nyuma yake majalada, moja baada ya jingine, yote yana muhuri wa ofisi yetu.

Mzee Mgaya akainama taratibu, akaokota moja, akasoma juu yake, akainua kichwa. "Mama Tuli, hili si lako?"

Na yule mama wa chipsi akaja mbele. Yule yule! Akalitazama jalada, akanitazama mimi pale chini. "Ee mwanangu! Kumbe tulikuwa tunanadiana kiwanja changu mwenyewe?"

Walicheka mpaka mchungaji akashika ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Binti," Mzee Mgaya akaniuliza, "bosi ameshalisaini?"

Tulipewa ngazi ya kwanza, na nadhani kama ingekuwepo ya chini yake tungepewa hiyo. Hela yangu ilibaki kuwa sadaka. Jumatatu nafika kazini, Mama Tuli yuko mlangoni ananisubiri, na siku hiyo sikumwambia arudi wiki ijayo, nilimaliza shughuli yake kabla sijavua koti. Mimi bado ni kaimu. Sasa wakija wapimaji nawafungulia kona zote, nawaambia ya kwanza, mzee, ya kwanza, andika tu, na gunia la mgeni nalimwaga chini lote mbele ya watu kabla halijapandishwa garini.