Modem iliyokuwa ikiganda kila siku isipokuwa Ijumaa

Assalaam alaykum wakuu, na wenye salamu nyengine habari za saa hizi.

Leo nimefunga sunna, kwa hiyo sina nafasi ya kutia chumvi. Nnayoyaandika yamenikuta mwenyewe.

Mie mama wa watoto wanne, nakaa Malindi, hapa mjini Unguja. Kompyuta nimejifunza ukubwani, madarasa ya jioni, benchi moja na wenye umri wa binti yangu. Mabingwa wa IT mnivumilie.

Kisa chenyewe hichi.

Bi Rukia ndiye aliyenisomesha Qur-ani tangu nna miaka sita. Sasa miguu imekataa, hatoki nyumbani. Lakini kuna kina mama watu wazima kijijini, kusini huko upande wa Makunduchi, alikuwa akenda kuwasomesha, na hawataki mwalimu mwengine.

Tukapata kompyuta ndogo kuukuu, tukaiunga na TV kwenye chumba cha kamati ya kijiji, tukachomeka modem ya USB. Baada ya Alasiri inajiunga video yenyewe. Bi Rukia anatokea kwenye TV, wao wanasoma. Hakuna anayegusa kitu. Jumamosi mpaka Jumatano.

Ufunguo wa chumba anao Bi Kazija, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, kashapita sabini.

Wiki mbili safi. Ya tatu modem ikaanza kuganda. Taa inawaka lakini mtandao hamna, mpaka uichomoe na kuichomeka tena.

Nikampigia Bi Kazija.

"Shikamoo Bi Kazija."

"Marahaba mwanangu. Bi Rukia kanyamaza tena."

"Kuna kijiti pembeni ya kompyuta. Kichomoe, uhesabu mpaka kumi, ukirejeshe."

Nikasikia anasogeza kiti.

"Nshakichomoa."

"Taa imezima?"

"TV ndo imezima."

Lo! Kachomoa waya wa TV. Siku ile hawakusoma.

Mwenyekiti wa kamati akanipigia. Hakuwa na maneno mengi: "Bibi, Jumamosi ya wiki ya pili tunakuja kulitazama hilo darasa. Likikatika, chumba tunakitia mifuko ya saruji."

Hapo nikakaa nikafikiri. Kompyuta ile naweza kuirekebisha nikiwa mjini kwa remote. Lakini hiyo remote inapita kwenye modem ile ile iliyoganda! Ni kama kujifungia nje na ufunguo uko ndani.

Kwa hiyo lazima kompyuta ijitibu yenyewe.

Nikasoma humu jukwaani siku mbili (kuna uzi wa zamani wa mambo ya pnputil, amri ya Windows ya kuzima na kuwasha vifaa, aliyeuandika Mungu amjaze kheri). Nikaandika script ndogo. Kila dakika inaping, yaani inaupigia mtandao hodi. Ikikosa mara mbili mfululizo, inaizima modem na kuiwasha kama vile mtu kaichomoa. Isipopona, inarestart kompyuta nzima. Na kila ikifanya hivyo inaandika kwenye log, siku na saa.

Nikaondoa na ile tiki ya Windows inayoruhusu USB izimwe kubana umeme. Nikashuka kijijini Jumapili, nikaiweka, nikaijaribu, ikafanya kazi. Bi Kazija akanipikia mpaka mihogo ya nazi.

Jumamosi, nikiwa mjini, nikaifungua log.

Wakuu, script inafanya kazi, lakini inafanya kazi mno! Jumatatu imeireset modem mara tisa. Jumatano mara kumi na moja, nne kati ya hizo katikati ya darasa. Inapona, kidogo tu inaganda tena.

Ila Ijumaa, sifuri.

Kwanza nikasema moyoni, baraka za Ijumaa. Kisha nikasema labda kwa sababu hakuna darasa, modem imepumzika.

Lakini Alkhamisi nayo hakuna darasa, na Alkhamisi imeganda mara saba.

Hapo ndipo iliponikaa kichwani. Nafua nguo nawaza Ijumaa. Napika nawaza Ijumaa. Ijumaa kuna nini mle ndani ambacho Alkhamisi hakuna?

Nikapiga simu.

"Bi Kazija, Ijumaa mnafanya nini chumbani?"

"Hatufanyi kitu. Nnafagia tu, nnatoa kitambaa nnakifua."

"Kitambaa gani?"

"Cha kompyuta. Kile nilichodarizi. Jumamosi asubuhi nnakirejesha kishapigwa pasi."

"Mbona nilipokuja sikukiona?"

"Ewe! Unakuja fundi mgeni nikuwekee kitambaa cha kila siku? Nilikitoa."

Kumbe mama wa watu kaifunika kompyuta na modem yake, kitambaa kizito kina uzi pande zote, siku sita katika saba. Modem inapikika mle chini mpaka inazimia.

Nikamwambia taratibu, Bi Kazija, inataka hewa.

"Maneno ya Mungu yanatoka mle," akanambia, "niiache uchi kama redio ya barazani?"

Wallahi, kusema kweli sikutaka kumshinda.

Tukakubaliana hivi: nikatuma waya wa USB wa kurefusha wa mita moja, modem ikaenda kuning'inia kwenye msumari dirishani. Na yeye akafuma kitambaa chengine cha matundu makubwa kwa ajili ya kompyuta. Log ya wiki ile: sifuri, sifuri, sifuri.

Ikafika Jumamosi ya kamati. Mie nipo kwa Bi Rukia, wao kijijini wanasoma sura ya Tabaraka.

Katikati ya sura, picha ikaganda na sauti ikakatika. Kwa nini, sijui mpaka leo.

"Fanya kitu," Bi Rukia akanambia.

"Hakuna la kufanya bibi. Nshaifundisha, sasa iko peke yake."

Akanitazama. "Ndo nilivyokuwa nikikuwacha wewe na juzuu yako."

Dakika moja. Mbili. Nimeshika tasbihi wala sihesabu. Ya tatu, sauti ikarudi.

Na wao walikuwa bado wanasoma! Hawakusita. Bi Kazija anaongoza, wenzake wanafuata, wamefika mbele kabisa. Bi Rukia akaingia nao palepale kama aliyekuwepo.

Baadaye mwenyekiti akanipigia kusema chumba ni chao. Nikamwomba radhi kwa zile dakika tatu.

"Dakika tatu zipi? Mie nilijua mwalimu kanyamaza awasikilize."

Nilichojifunza: script itakuinulia mgonjwa, haikwambii kilichomuangusha. Isomeni log. Na mkikuta siku haina kosa, msiipite kwa furaha, iulizeni kwa nini.

Swali kwa wenye ujuzi: kuna njia ya kukata umeme wa port ya USB kabisa, badala ya disable na enable? Na nyinyi mashine zenu za mbali mnazifunika na nini? Karibuni, nnasoma zote baada ya kufuturu.