Sababu ya Kubatizwa

Juzi nilikaa kwenye benchi la ofisi ya parokia hapa Karatu, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alisimama mfugaji wa Malambo, mtu mzima aliyevaa shuka la lubega begani. Ukame ulimmalizia ng'ombe, na sasa ni kibarua wa kuchimba mifupa ya kale bondeni Olduvai. Alikuja kuomba ubatizo.

"Nani alimwumba mtu?" katekista alimuuliza.

"Mungu."

"Na hiyo mifupa unayochimba?"

"Wataalamu wanasema ni ya babu zetu, wa kabla watu hawajawa watu."

"Sasa wewe unaamini lipi, mzee?"

Mzee alitazama viganja vyake. "Wananiambia nichimbe polepole, nachimba polepole. Wewe unaniambia Mungu, nasema Mungu."

Katekista akaweka kalamu chini. "Basi kwa nini unataka kubatizwa?"

"Mke wangu alibatizwa hospitali, akafa. Mlisema yuko mbinguni. Nataka kumfuata."

"Huko ni kumkumbuka mke, mzee. Siyo imani."

"Na wewe, mwalimu, uliamini kwa sababu gani?"

Katekista akaichukua tena kalamu. Akasema alizaliwa nyumba ya Wakristo, akaikuta imani mezani kama ugali. Kisha akaliandika jina la mzee daftarini, akamwambia mafundisho ni kila Alhamisi.

Aliponigeukia mimi, macho yake yalikuwa bado yanauliza. Nikawahi kusema nimefuata cheti cha ndoa tu. Nimebatizwa tangu uchanga, wasomaji wangu, na swali la yule mzee bado linanishinda.