Tetere wa Marehemu Darmo

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Wagiyem aliamshwa na mlio wa kamba kwenye mlingoti wa uani. Alikuwa mumewe, Darmo, akipandisha tundu la tetere wake juu ili ndege aote jua na kuuimbia mtaa mzima. Tetere huyo alikuwa na mtindo wake. Akimaliza kuimba, huongeza kijisauti kimoja kifupi, kama mtu aliyekumbuka neno akiwa mlangoni. Darmo alipofariki, kazi ya kamba ikamwangukia Wagiyem. Hakuwa mpenzi wa ndege hata kidogo, lakini akikisikia kile kijisauti, alimwona mumewe amesimama pale na saruni yake iliyofifia, naye akaenda kukaanga tempe zake za kuuza, vile vipande vya soya iliyochachushwa, kwa moyo mweupe.

Kisha akaja mwizi, akamchukua ndege, akaacha tundu.

"Nakwenda polisi," Wagiyem alimwambia mjumbe wa mtaa, Mzee Sugito.

"Polisi kwa ajili ya ndege? Watakucheka, dada. Halafu unajua mwenyewe, tetere ndiye humchagua bwana wake. Kaondoka, kachagua. Ukimfuata utajitafutia nuksi. Tena wataanza kuhoji majirani, mtaa uchafuke bure."

Ndivyo tulivyo huku wilayani Bantul, tunaona haya kumsumbua mtu kuliko kuibiwa. Nyumba saba zilipoteza tetere mwaka ule, na zote saba zikasema ndege wamechagua. Mwizi, kwa kukuta watu wenye adabu hivyo, akaanza kuiba hata pikipiki zetu.

Miaka miwili ikapita. Redio ikatangaza kwamba amekamatwa mtu mwenye ndege arobaini. Wagiyem akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kituoni. Hata hajaingia, akakisikia kile kijisauti. Akapita moja kwa moja hadi kwenye safu ya matundu.

"Ni yule wa tatu, mwanangu," alimwambia askari kijana aitwaye Prasetyo. "Nipe niondoke naye."

"Taarifa uliandikisha lini, bibi?"

"Sikuandikisha."

Prasetyo akapekua daftari. "Mtaani kwenu, bibi, miaka mitatu hakujaibiwa hata kijiko. Ndiyo maana doria haiji huko."

"Tumeibiwa mpaka tumezoea!"

"Sasa mimi nitajuaje? Jana wamekuja watu kumi na mmoja, kila mmoja anasema tetere huyo huyo ni wake. Mlete mjumbe wenu aandike kwamba ulimweleza. Ijumaa ndege wasio na wenyewe wanapelekwa kuachiwa msituni."

Mzee Sugito aliisikiliza habari hiyo huku akiizungusha kofia yake mikononi.

"Nikiandika kwamba nilijua, wataniuliza mbona nilinyamaza. Na zile pikipiki je? Nisitiri, dada yangu."

"Ni mstari mmoja tu, kaka. Mstari mmoja."

"Nitafikiri."

Alhamisi Wagiyem alimpelekea tempe za moto. Aliambiwa mzee hayupo, ingawa ndala zake zilikuwa pale pale mlangoni. Wagiyem akaziacha tempe juu ya ngazi.

Ijumaa alisimama langoni mwa kituo mikono mitupu. Gari likatoka na matundu yake, na kile kijisauti akakisikia mpaka lilipokata kona. Alimtaka ndege yule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu amzike mumewe.

Jumamosi asubuhi kamba ililia tena uani. Wagiyem alikuwa amelisafisha tundu, ametia mtama na maji, akauacha mlango wake wazi, akalipandisha juu kabisa.

Sugito alikuwa akipita. "Tundu tupu la nini, dada?"

"Si ulisema tetere humchagua bwana wake?" Hakumgeukia. "Basi nimemwachia mlango."

Sugito akaenda zake. Jikoni mafuta yalianza kuungua, moshi ukatanda hadi uani, naye Wagiyem bado ameishika kamba, ameinua uso, anasikiliza.