Kisima cha Bustani Yetu

Nyumba yetu ilikuwa pembeni mwa Kilindoni, na kazi ya familia ilikuwa mimea. Mbele palikuwa na duka la mbao lililoezekwa makuti, nyuma palikuwa na bustani. Masika yakikaribia, watu walikuja kutoka Utende na hata kuvuka kutoka Kisiwa cha Bwejuu kununua miche ya michungwa, mindimu na mikomamanga tuliyoiotesha kwenye makopo na vifuu vya nazi. Sikukuu zikikaribia, duka liligeuka sura. Tuliuza udi, marashi, tende, kofia, kanga, na zaidi ya vyote vikuba, vile vifungu vya asumini, vilua na mrehani ambavyo wanawake huviweka kifuani au kwenye nywele. Asilimia kubwa ya wanawake wa Kilindoni walinukia bustani yetu siku ya Idi, na mama alilijua hilo akatembea kwa madaha.

Tabu yetu ni kwamba bustani ilifuata mvua na duka lilifuata mwezi. Mvua ina majira yake, lakini Idi husogea kila mwaka, mpaka inafika mahali inaikuta ardhi imekauka. Mwaka ninaousema ulikuwa katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Vuli haikunyesha ya maana, na Ramadhani ikaingia katikati ya jua la kaskazi. Asumini hataki mchezo na maji. Ukimnyima, vitumba vinageuka rangi ya chai na kudondoka kabla ya kufunguka.

Kisima chetu kikaanza kutoa tope. Baba akasema lazima kichimbwe zaidi kabla ya Idi. Mdogo wake, ambaye mimi nilimwita ami, alikuwa akiishi nasi na ndiye mwenye mikono ya kuchimba. Hakutaka.

"Kaka, kule chini ni mchanga mtupu," alisema tukifuturu. "Mawe ya ukuta yameishia juu. Tungoje masika."

"Masika yatakuja Idi imekwisha. Wateja niwape nini, majani makavu?"

"Basi mwaka huu tusiuze vikuba."

Baba akaweka bakuli chini. "Wewe huogopi mchanga. Wewe unataka kwenda zako Dar es Salaam, bustani ife ili upate sababu."

Kwamba ami alitaka kwenda Dar es Salaam lilikuwa jambo la kweli, kila mtu mle ndani alilijua. Bibi, mama yao, akawaambia wale kabla uji haujapoa. Tangu jioni ile ndugu wale wawili wakawa wanasemezana kupitia sisi. "Mwambie baba yako jembe limelegea." "Mwambie ami yako kuna jingine uvunguni."

Siku moja asubuhi, zikiwa zimebaki siku chache mwezi uandame, ami alichukua sururu na kijembe kifupi akateremka kisimani bila kumuaga mtu. Baba alipomwona, alikwenda akashika kamba na ndoo, akaanza kupandisha mchanga. Hawakusemeshana. Niliwaona hivyo nilipokuwa naelekea dukani: mmoja juu, mmoja chini, na kamba katikati yao.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia na nilikuwa namjaribisha mteja kofia niliposikia kishindo, kama gunia la mchele lililodondoshwa sakafuni. Baba akaita jina la ami mara moja tu. Kisha kimya. Kile kimya ndicho kilichonitoa mbio.

Baba alikuwa amepiga magoti ukingoni, kamba mkononi, mdomo wazi. Nilichungulia. Chini, pale mawe yalipoishia, ukuta mmoja wa mchanga ulikuwa umemeguka. Ami alikuwa amefukiwa mpaka makwapani. Kichwa na mkono mmoja tu ndivyo vilivyokuwa nje.

"Rudi nyuma," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkikanyaga hapo, unateremka."

Kweli, mchanga ulikuwa unachuruzika pembeni yake kama unga kwenye chekecheo.

Watu waliokuwa wakielekea msikitini walisikia kelele za mteja wangu aliyenifuata wakaja mbio. Kila mmoja alitaka kuona, kila mmoja ana rai yake. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wanaume, lakini siku ile alisimama kati yao na kisima.

"Mtu asisogee! Atakayevuka hapa nampiga!"

Wakasimama. Katikati ya kimya hicho ami akasema tena, "Mbao, kaka. Nileteeni mbao."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia baba moja kwa moja tangu ule ugomvi. Baba aliinuka kama aliyezinduliwa usingizini, akakimbilia dukani, akaanza kung'oa rafu. Hakutoa vitu kwanza. Chupa za marashi zilianguka zikavunjika, tende zikamwagika, kofia zikakanyagwa. Alirudi na mbao mabegani, miguu yake imelowa marashi, na mchana kutwa pale kisimani palinukia kama nyumba ya harusi.

Walitandaza mbao mbili ukingoni ili uzito usikae mahali pamoja. Jirani yetu, mvuvi mwenye kifua kipana, akajifunga kamba ateremke. Alipoweka mguu wa kwanza tu, jiwe likachomoka likamgonga ami begani. Ami alilia. Jirani akarudi nyuma, uso umempauka.

"Mimi mzito," alisema. "Nikishuka mimi namzika."

Watu wakatazamana. Nilijua wanachokitafuta kwa macho, na nilijua kwamba hawatakisema.

"Mimi ni mwepesi," nikasema.

"Wewe mtoto wa kike," mama akasema.

"Ndiyo, lakini ni mwepesi."

Nilikuwa nimeshaposwa wakati huo, na mbele ya wanaume wote wale hata kusimama bila kujitanda ilikuwa aibu. Baba aliangalia chini kisimani. Bibi ndiye aliyeingia ndani akaja na kikoi cha baba, akanifunga mwenyewe kiunoni na miguuni kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Fundo lilikaza. Jirani mvuvi alinifunga kamba chini ya makwapa, akaivuta mara mbili kuijaribu, akaniambia, "Ukiona mchanga unakuja, usiangalie juu. Piga kelele tu, nitakuvuta."

Waliniteremsha polepole. Jua liliishia kichwani pangu, kisha likaishia juu yangu, na hewa ikawa baridi yenye harufu ya udongo mbichi. Nilikanyaga mchanga karibu na kichwa cha ami. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Sijui kwa nini, labda kwa sababu sikuwa nimemwamkia tangu asubuhi, nikasema, "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na midomo yake ikajaribu kucheka. "Umekuja kunitembelea?"

Waliniteremshia mbao moja moja. Nilizisimamisha kati yake na ule ukuta uliomeguka, nikazikandamiza kwa magoti. Kisha nikaanza kuchota kwa kifuu cha nazi, nikijaza ndoo, ndoo ikipanda, nyingine ikishuka. Mchanga niliochota nusu yake ulirudi. Ami aliniambia kwamba kila akitoa pumzi, mchanga unajaa pale palipopungua, na pumzi inayofuata inakuwa fupi zaidi. Alisema kwa utulivu, kama anayeeleza hali ya hewa, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio.

Mara moja mchanga ulishuka kutoka upande usio na mbao. Ulimfika shingoni. Nilipiga kelele, kamba ikanikaza kifuani, nikawa naning'inia.

"Msinivute! Niacheni!" nikapiga kelele tena, maana nilikuwa nimeushika mkono wake na yeye ameushika wangu, na nilihisi wakinipandisha atauachia. Wakanishusha. Nikachota kwa mikono yote miwili mpaka kidevu chake kikawa huru.

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikaita juu waniletee maji ya kunywa.

"Nimefunga," ami akasema.

Sauti ya bibi ikashuka kutoka juu, kali. "Mwanangu, kunywa! Mungu anakuona ulipo. Na wewe binti, kunywa."

Tukanywa, yeye kwanza. Alilia wakati wa kunywa, na nadhani ilikuwa kwa sababu ya sauti ile.

Nilipofika usawa wa kiuno chake, vidole vyangu vikahisi ubaridi. Maji. Yale maji tuliyoyatafuta yalikuwa yanapanda, safi, na mchanga ukawa mzito kama saruji mbichi. Magoti yangu yakazama. Ami aliyaona.

"Waambie wavute sasa," akasema.

"Miguu yako bado imeshikwa."

"Waambie wavute, mwanangu. Yakijaa nitakuwa nimeshikwa vilevile."

Nilimpitishia kamba ya pili chini ya makwapa, nikaita. Huko juu nikasikia sauti ya baba ikiwahesabia watu ili wavute pamoja. Kamba ikakaza. Ami alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mwanadamu, kitu kikakatika ndani ya mguu wake, na mchanga ukamwachia kwa mlio wa kunyonya. Akapanda kando yangu, maji yakimtiririka, mguu mmoja umepinda vibaya. Mimi nilitolewa baada yake. Nilipofika juu sikuweza kusimama. Mama alinifunika kanga na kukaa pembeni yangu, akinishika kisigino.

Baba alikuwa amemlaza ndugu yake mapajani pake. "Nisamehe," alikuwa anasema. "Nisamehe, nisamehe."

"Mguu wangu, kaka," ami akasema. "Usiutikise."

Mwezi ulipoandama, duka letu halikuwa na rafu hata moja. Mama alitandika mikeka akapanga juu yake vilivyosalia, na wanawake waliinama kuchagua. Vikuba hatukuuza. Walipouliza, mama aliwajibu kwamba mwaka huu hakuna, na wengi walikuwa wameshasikia sababu, hawakuuliza mara ya pili. Asubuhi ya Idi baba alichelewa kwenda kuswali kwa kuwa alikuwa anamwogesha ami chumbani. Nilikuwa barazani na nguo mpya, kucha zangu bado zina mchanga, nikisikia maji yakimwagwa kwa kata na wao wawili wakizungumza polepole. Sikusikia maneno yao wala sikutaka kuyasikia.

Baada ya sikukuu baba alikifukia kile kisima peke yake. Asumini walikufa wote kabla ya masika, mindimu ikavumilia. Mguu wa ami uliungwa lakini ukabaki mfupi, na ulipoweza kubeba uzito wake alikwenda Dar es Salaam kama alivyotaka. Baba ndiye aliyembebea sanduku mpaka chomboni.

Mimi niliolewa Utende. Nyumba ya mume wangu ilikuwa na kisima uani. Nilipofika, wanawake wakinipigia vigelegele mlangoni, niliomba ruhusa kidogo, nikaenda kuchungulia. Kilijengwa kwa mawe mpaka chini. Ndipo nikaingia ndani.