Kigoda Alichokalia Randa

Shemeji yangu tulimwita Randa. Jina la kuzaliwa analo, ila hata mama yake alilitumia akiwa na hasira tu. Randa ni kile kifaa cha seremala cha kulainishia mbao, naye maneno yake aliyapitisha humo humo: ukimletea swali refu kama boriti, anakurudishia jibu jembamba kama kibanzi. Ndiyo. Haya. Kesho. Na kesho ya Randa, tofauti na kesho ya mafundi wengine wote walioniponda moyo duniani, ilikuwa kesho kweli.

Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Nilipoolewa nilimkuta kijana wa miguu mirefu, ameshika msumeno upande mmoja, baba yake upande wa pili. Karakana yao ilikaa juu ya mwamba, ukingoni mwa korongo linalokata mtaa wetu vipande viwili. Ilikuwa chumba kimoja, mabati juu, mbao kuukuu ubavuni. Meza ya kazi mzee aliichimbia miguu ardhini kama anayepanda mti, akisema meza inayotikisika humfundisha msumeno uongo. Ukutani kila kifaa kilikuwa na msumari wake: nyundo hapa, patasi pale, tupa chini yake, misumeno karibu na mlango. Mzee alipokufa, Randa hakuhamisha hata msumari mmoja. Marehemu mkewe alikuwa akilalamika kwamba lau yeye angeota mpini, naye angepata msumari wake pale ukutani, akajua anapendwa.

Korongo lenyewe sasa. Kiangazi ni kichochoro cha mbuzi. Masika linakuwa kitu kingine kabisa. Mwaka mmoja lilimchukua jogoo wangu usiku, akaenda akiwika juu ya maji, na watu wote wa bondeni wakaamka wakaanza kufagia, wakidhani kumekucha. Mnaweza kukataa, lakini nenda kawaulize kwa nini siku ile walikunywa uji mara mbili.

Ila kuna mambo ya korongo ambayo mimi siyafanyii mzaha. Shule iko ng'ambo. Mvua ikinyesha, watoto wa upande wetu hukaa nyumbani, au huvuka wameshikilia kamba. Jirani yangu, tunamwita Mama Mkaa kwa biashara yake, binti yake aliteleza. Mama alimdaka kwa sweta. Mtoto alitoka mzima, lakini hata leo ukimwaga maji kwenye beseni, anashika kanga ya mama yake.

Mtaa wetu uliwahi kuletewa maendeleo. Yalikuja kwa gari, yakashushwa, gari likaondoka. Tulijengewa choo cha umma kizuri sana, kisicho na maji. Kuku wangu walikizunguka, wakakaa kikao, wakahamia. Mayai tulikula. Tukajengewa na soko, limeelekezwa pale pale upepo wa vumbi unapotokea, ukinunua unga unauziwa na udongo wa kuongezea. Na sisi tulikuwa na raha yetu moja: tuliwalaani wakubwa. Kulaani wakubwa ni kazi tamu, haina jasho, na jioni unalala usingizi.

Basi mwaka juzi akaja injinia wa halmashauri, binti wa watu, viatu vimejaa matope, mkononi hana hata mchoro. Akatuuliza tunataka nini. Tukatazamana. Ni kama mgeni amepiga hodi, amebeba chakula chake mwenyewe, anataka kujua wenyeji wanapenda chumvi kiasi gani. Tukasema daraja la kuvukia kwa miguu. Akasema vema: halmashauri itatoa saruji na nondo, sisi tutoe mawe, mchanga na mikono, na mahali pa kulijenga tuchague wenyewe. Mahali palikuwa pawili. Bondeni, korongo ni pana na udongo ni laini, daraja lingekuwa refu na pengine saruji isingetosha. Juu, korongo ni jembamba na chini kuna mwamba. Hakuna aliyehitaji kuuliza mwamba upi. Juu ya mwamba kulikuwa na karakana ya Randa.

Watu walisema karakana ni mbao na mabati, inahama. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua waliogopa kuliko kama wangesikia nimepiga kelele.

Nilikuwa najua jambo. Tangu nikiwa bibi harusi, mimi na Randa tuna utani wetu wa shemeji. Nikiingia karakana kunywa chai ya alasiri, sisemi hodi, namtolea ulimi. Naye, mzee mzima, patasi mkononi, ananitolea wake. Sasa siku moja nimeingia, nimeutoa wote mpaka mzizi, yeye akageuza uso kwangu akasema karibu shemeji, keti. Nikaurudisha. Nikakunja uso wa nyani, ule wangu bora, uliowahi kumtoa machozi mpiga picha. Akaniuliza kama mawingu yamekusanyika.

Ndipo nikamtazama macho. Yalikuwa kama kioo cha dirisha kilichohemewa.

Alinieleza kwa maneno machache. Macho yalikuwa yamekwenda polepole, daktari ameshayaona, akasema kilichokufa mle ndani hakifufuki. Watu aliwaona vivuli tu. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nyundo ikaja kiganjani kama mbwa aliyeitwa.

"Humu ndani ninaona, shemeji," akasema. "Nikitoka hapa mimi si fundi tena. Ni mzee anayesubiri kulishwa."

Akaniapisha nisiseme. Nani ataleta mlango wake kwa fundi asiyeona? Na hakutaka kuhurumiwa. Siri kwangu huwa ni maji ndani ya ungo, lakini ile niliibeba.

Sisi tukiamua jambo la mtaa, hatunyooshi mikono. Kila nyumba huja na kigoda chake, inakiweka upande inaoutaka, mwenyewe anakikalia. Vigoda karibu vyote ni kazi ya Randa, ndugu wa tumbo moja, huwezi kuvitofautisha kwa juu; kwa chini amevichonga alama, kila nyumba yake. Kabla ya kuhesabu kuna sharti. Yule atakayeumia zaidi upande huu huenda kukalia kigoda cha yule atakayeumia zaidi upande ule, na wanabadilishana. Kisha kila mmoja anasema maneno ya mwenye kigoda, kama ndiye yeye. Neno lililosemwa juu ya kigoda cha mwenzio ni la mwenzio. Lililosemwa juu ya kigoda chako ni lako, huwezi kulimeza tena. Wazee wetu waliona kwamba mtu akikaa pa mwenziwe, kidogo makalio yanamfundisha kichwa.

Siku ya mkutano vigoda vilijaa upande wa mwamba mpaka vikagusana. Upande wa bondeni tulikuwa Randa, mimi, na wale wawili watatu ambao hata ukisema jua limechomoza wanaomba muda wa kutafakari. Wa kubadilishana walijulikana bila kutajwa: Randa na Mama Mkaa. Vigoda vyao viliwekwa mbele, vinatazamana, katikati amesimama mwenyekiti wetu wa mtaa.

Mwenyekiti ana tumbo ambalo mtu hulizunguka, halipiti kando. Randa akainuka, akatembea polepole kuelekea kwa Mama Mkaa, jua la alasiri limempiga usoni. Akafika kwa mwenyekiti, akaanza kumzunguka. Mwenyekiti naye, kwa heshima, akasogea ampishe. Akasogea upande ule ule. Wakazungukana kama majogoo wanaopimana. Randa alipotoka pale, akanyoosha miguu yake mirefu, akapapasa kigoda cha kwanza alichokifikia, akaketi.

Alikuwa ameketi alikotoka. Kicheko kikaanza, lakini yeye alikuwa ameshafungua kinywa, na Randa akifungua kinywa watu hunyamaza maana si jambo la kila mwaka.

"Mimi ninauza mkaa," akasema. "Mvua ikianza, wenzangu wanakimbia kuanua nguo. Mimi nakimbilia korongoni. Nilimshika mwanangu kwa sweta, na ile sweta nilisikia inachanika. Fundi ni mtu mwema, amenitengenezea kitanda. Lakini karakana ikibomoka inajengwa nyingine. Nataka daraja, na nalitaka juu ya mwamba."

Hajawahi kusema maneno mengi hivyo, hata siku ya kuposa. Tena aliyasema kweli, bila kupunja.

Mwenyekiti macho yakamng'aa. Akatangaza kwamba fundi amenena akiwa juu ya kigoda chake mwenyewe, kwa hiyo neno ni lake, amekubali, hakuna haja ya kuhesabu. Makofi yakapigwa. Niliyasikia yalivyo, hayakuwa ya furaha tu. Yalikuwa ya watu waliotuliwa mzigo: hatujamnyang'anya mtu, katoa mwenyewe. Mimi mdomo ulifunguka ukajifunga, kiapo kimekaa mlangoni.

Mama Mkaa alikuwa amesimama katikati ya uwanja, hana pa kuketi. Alichokitaka kilikuwa kimeshaingia mkononi mwake. Alihitaji kukaa kimya tu.

"Fundi," akasema, "hicho ulichokalia ni kigoda chako."

Randa akapitisha mkono chini ya ubao. Vya wengine vyote vina alama. Chake ni laini kabisa, maana mwenye kuchonga alama hajichongei mwenyewe. Vidole vikaenda, vikarudi.

"Kumbe," akasema.

Mmoja nyuma akamtania, vipi fundi hatambui mwanawe wa kumzaa. Randa akainua uso upande ambao hakuna mtu.

"Sioni, jamani."

Mwenyekiti akauliza basi lile neno ni la nani, na hakuna aliyejua, tangu vigoda viwe vigoda haijawahi kutokea. Mama Mkaa hakungoja. Akaja akaketi chini, kwenye vumbi, kando ya kigoda cha Randa, akamwomba amweleze, maana hawezi kumsemea mtu asiyemjua. Randa akamweleza kwa sauti ndogo habari za misumari, za meza, za mkono unaofika. Alipomaliza, mama yule akamsemea.

"Mimi ni fundi. Macho yangu nimeyatundika kwenye ule ukuta. Mkiubomoa, mmenitoboa." Kisha akapangusa pua kwa ncha ya kanga, akavunja sharti letu, akasema la kwake: "Na bado ninataka daraja."

Hapo ndipo nilipoona jinsi tulivyokuwa tumezoea vibaya. Kila mtu alitafuta wa kumlaani, akakuta ni majirani zake wameketi kwenye vigoda. Mzee mmoja akamwomba injinia, aliyekuwa amesimama pembeni, atuamulie tu, atuletee mchoro tutii. Binti akatikisa kichwa, akasema yeye hapo hana kigoda. Tukaenda nyumbani bila uamuzi, vigoda vimelala pale pale.

Tulirudi kesho yake, na kesho yake nyingine. Mwishowe tukaafikiana, na wazo lenyewe sitasema ni la nani, kwa kuwa kila mtu anadai ni lake, na mimi nadai kwa nguvu zaidi. Karakana isibomolewe. Ibebwe. Kuta zing'olewe na vifaa vikiwa vimening'inia, meza ichimbuliwe na miguu yake, vyote visimamishwe hatua chache pembeni, juu ya mwamba ule ule, kama vilivyokuwa. Na hakuna jiwe litakalotiwa darajani kabla ya hapo. Randa akaongeza lake: kigoda chake atakihamishia upande wa mwamba akishatengeneza kigoda kipya mle ndani. Akishindwa, daraja liende bondeni.

Wanaume wakabeba kuta kama siafu waliobeba panzi. Nyundo ilipepesuka msumarini lakini haikuanguka. Randa akaingia, akanyoosha mkono, nyundo ikaja. Tukashangilia. Alasiri ile ile patasi ikamkata kidole gumba, na siku iliyofuata ikamkata tena. Misumari ilikuwa sawa, meza ilikuwa sawa. Akaketi kizingitini, kidole kimefungwa kitambaa, akasema anapotea mle ndani. Mtaa ukanuna. Kuna waliosema mzee anajifanya, na mmoja wa waliosema hivyo nilimwagia maji ya vyombo, kwa bahati mbaya.

Aliyegundua ni yule binti wa sweta, mwenye masikio yasiyoacha kusikiliza maji. Alisema pale zamani korongo lilisikika mkono wa kushoto, sasa linasikika kulia. Ndivyo ilivyokuwa: ili kurahisisha kazi, mlango tulikuwa tumeuelekeza barabarani, na chumba kizima kikageuka. Basi tukakibeba tena, tukakigeuza, watu wakilaani huku wanabeba, na kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kulaani, kila mmoja alilaani aliyemshikia upande wa pili.

Kigoda kikatengenezwa. Kilichukua muda kuliko zamani, na mguu mmoja, ukiutazama sana, una aibu kidogo. Randa akakigeuza, akachonga alama ambayo hatujaijua, akampa injinia. Sasa binti ana kigoda, atalaumiwa pamoja nasi. Kisha akaomba ashikwe mkono, akabeba cha kwake mpaka upande wa mwamba.

Daraja lipo. Saruji ilibaki ya kutosha kuwawekea kuku wangu ngazi. Binti wa Mama Mkaa huvuka amefumba macho, mkono kwenye chuma, lakini huvuka. Randa bado hajazoea kelele za watoto mlangoni, na siku nyingine huniambia chai yangu ina ladha ya mahali pengine. Simbishii. Kilichopotea kimepotea, na tuliokichukua ndio tunaompelekea hiyo chai.

Juzi nilikuwa nakwenda kwake na birika la chai, mwenyekiti akanitangulia kizingitini, anataka kurekebishiwa kiti. Randa akasikia hatua, saa ni ile ile ya alasiri, birika linanukia. Hakuinua hata kichwa. Akatoa ulimi, mrefu, mpaka mzizi.

Mwenyekiti amenuna mpaka leo. Nimemwambia, baba, kama unataka kulalamika, njoo na kigoda chako.