Barua Iliyoandikwa "Karibu na kwa Kemunto"

Kama unataka kusema nimetunga, achia hapa uende ukachume majani chai. Mimi nilikuwepo, tena mchana, na sikuwa nimelala.

Mtoto wangu wa kwanza alikaa wiki nyingi bila jina. Kwetu Kebirigo mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyefariki, na wa kulichagua alikuwa baba yake, aliyekuwa kiwandani Thika. Aliahidi kuandika. Barua haikuja. Mtoto analia kutwa kucha, na mama mkwe ananiuliza mbele ya watu, "Kwani bwana yako amekusahau, ama huyu si wake?"

Nikaenda posta. Karani akacheka. "Mama, barua bila nambari ya sanduku ni ng'ombe aliyepotea. Inakaa kidogo hapo kwa rundo, halafu inarudi ilikotoka." Hata hakuinuka kunitafutia! Nilirudi nimewaka, nikafunga nguo zangu. Kesho yake ningeenda kwa mama yangu huko Gesima, na ndoa iishie hapo.

Alasiri hiyo, mvua ikinyesha, mwanamke mzee akaingia bila hodi. Shuka la kijani, miguu mitupu, na hajalowa hata tone. Niamini. Akaniwekea bahasha mapajani.

"Shika, Mama Kemunto."

"Umechelewa!" nikamfokea. Hasira inajua mzee? "Mtoto anakaribia kuota meno ndio unaleta?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Na bwana yako, nani alimfunza kuandika anwani? Soma!"

Juu kulikuwa na jina langu, kisha "karibu na kwa Kemunto, Kebirigo." Basi. Hakuna sanduku, hakuna shule, hakuna kanisa.

"Wangeirudisha," akasema. "Lakini jina langu liko hapo. Ningeiacha?"

Akamgusa mtoto kidevu. Kimya. Mara ya kwanza tangu azaliwe! Nikafungua barua: "Mtoto aitwe Kemunto, kama nyanya aliyenilea." Nikainua kichwa nimkaribishe chai. Hakuna mtu, na matope ya mlangoni hayana hata alama ya mguu.

Nilipomweleza mama mkwe habari za lile shuka, alikaa chini palepale. "Huyo ni mama mkwe wangu. Tulimzika nalo." Halafu akaninong'oneza, "Alisema nini juu yangu?"

Sikumjibu. Sijawahi kupikiwa uji mtamu kama wa jioni hiyo, na mpaka leo ananiletea maziwa kabla ya watoto wake. Nguo zangu nilizifungua. Kemunto sasa anaenda shule, na anacheka kuliko mtu yeyote katika ukoo huu.

Kwa hivyo nakuonya, wewe mwenye mtoto asiye na jina: usimwachie mwanaume na kalamu. Mdai jina akiwa bado mbele yako. Wazee wetu waliolala wana haraka, na wakichoka kungoja watakuja wenyewe, mchana, wakukute hujafagia.