Kipepeo Kilichoandikwa Karibu

Mama alikuwa akiuza wali na samaki Kivukoni, enzi zile magari yalipokuwa yakipanga foleni kungoja kivuko. Miongoni mwa wateja wake alikuwepo mzee mmoja Mjapani, mtaalamu wa mpunga, aliyekuwa akienda na kurudi mashamba ya ng'ambo ya mto. Kila akifika aliinama na kusema, "Shikamoo, mama." Mama, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, alicheka hadi akashika kiuno.

"Mzee, unanizeesha! Shikamoo wewe."

"Marahaba," alijibu kwa furaha, halafu akaomba ukoko.

Siku aliyokuja kuaga alimletea kipepeo cha mkono. Hakikuwa cha ukindu kama vyetu vya kupepea mkaa. Kilikuwa karatasi ya duara iliyobandikwa juu ya mbavu nyembamba za mwanzi, na mbavu zote pamoja na mpini zilichanwa kutoka kipande kimoja. Upande mmoja maua ya buluu, upande wa pili maandishi ya kwao. Alituambia wanakiita uchiwa, na kwamba yale maandishi ni jina la duka la tambi la dada yake. Majira ya joto yakifika, wenye maduka huwagawia wateja vipepeo kama hiki.

"Mteja anajipepea," alisema, "jirani yake anasoma."

"Mnawapa bure?" mama aliuliza.

"Bure kabisa."

Mama akatikisa kichwa, akakifunga kwenye khanga, akakiweka sandukuni.

Kisha daraja la kuvuka mto likafunguliwa. Tulishangilia kama wengine, maana wagonjwa sasa walivuka bila kungoja. Lakini foleni ilikufa, na biashara ya mama ikafa nayo. Akahamia Mlabani, kwenye kibanda nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mahali ambapo mpita njia hana sababu ya kupita. Mimi nilikuwa nachora mabango ya maduka, na nikirudi mchana alinijazia sahani. "Leo wamekula wengi," alikuwa akisema. Siku moja nilifunua sufuria mwenyewe, nikakuta wali haujaguswa. Nilikula, nikaongeza, nikaongeza tena, naye amekaa ananitazama, machozi yanamlengalenga.

Jioni ile nilimwomba kile kipepeo nijifunze kilivyotengenezwa.

"Usikichane," alisema.

"Sitakichana."

Mianzi niliipata Kisawasawa, chini ya milima. Wiki nzima nilijikata vidole, mbavu zikipasuka ovyo. Gundi aliipika mama, uji mzito wa muhogo, akiukoroga taratibu kana kwamba ni wa mtoto mchanga. Vipepeo vya kwanza vilipokauka, nikachora sahani ya wali na samaki.

"Upande wa pili niandike nini? Bei?"

"Andika Karibu."

"Basi?"

"Basi. Aliyekaribishwa atauliza mwenyewe ni wapi."

Nilimkubalia, ila chini kabisa, kwa herufi ndogo, niliongeza: Mlabani, nyuma ya mashine.

Tulivigawa Jumapili nje ya kanisa, katika joto lile linalotangulia mvua. Mama aliona haya, akawa anavitoa kwa mikono miwili kama mtu anayeomba radhi. Wiki ile walikuja wateja wachache, wengine kwa udadisi tu.

Siku chache baadaye ukatokea msiba mtaa wa pili. Tulipoingia, mjane alikuwa amelala mkekani, amezidiwa, na wanawake wawili wanampepea. Vipepeo ni vyetu. Samaki wangu alikuwa akipanda na kushuka juu ya uso wa yule mjane.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Tumekosea, mwanangu. Tunatangaza wali msibani."

Akawaendea, akapiga magoti, akaomba arudishiwe. Mmoja wa wale wanawake hakuacha hata kupepea. "Dada, mwache apate hewa," alisema. "Shika na wewe umpepee, mimi mkono umechoka." Mama akakipokea. Alimpepea yule mjane mpaka jua likageuka, na mimi nikaenda kuwasaidia wanaume kupanga mabenchi.

Mwezi uliofuata mjane yule alikuja kibandani. Alisimama mlangoni, amekonda, kipepeo mkononi.

"Siku ile sikuwa naona nyuso za watu," alimwambia mama. "Nilikuwa naona neno hili tu, linakuja na kuondoka. Nikawa najiuliza, ni nani huyu ananikaribisha?"

Mama alimvutia kigoda, akampakulia, akakaa naye bega kwa bega mpaka sahani ikaisha.

Kesho yake akaja tena, na keshokutwa akaja mapema, akaanza kuchambua mchele bila kuambiwa. Siku hizi wanapika pamoja, na wateja ni wa kutosha. Nikipita mchana nawasikia toka nje wanabishana kuhusu chumvi, kila mmoja akimwita mwenzake mkaidi, halafu wote wawili wanacheka.